Kopo la Samli Chini ya Boneti

Mimi na mwanyumba wangu tumeoa nyumba moja, yeye dada mkubwa, mimi mdogo, na tangu hapo sijawahi kununua kitu ambacho yeye hakuwa nacho tayari. Nilipopata karatasi za kukaa Kanada, yeye alikuwa keshaapa uraia. Nilipopanga vyumba viwili Lawrence Heights, yeye alihamia Brampton kwenye nyumba yenye gereji. Ndani ya gereji kuna meza ya fundi, na juu ya meza kuna jiliwa kubwa la buluu ambalo sijawahi kumwona akibania kitu chochote. Mimi vitu vya kubania nilikuwa navyo tele. Jiliwa ndilo sikuwa nalo.

Tulilingana katika jambo moja tu, magari. Tuliyanunua kwa mtu mmoja, siku moja, dizeli mbili za Kijerumani zilizotoka kiwandani mwaka mmoja. Kabla ya kuchagua langu niliihesabu mikwaruzo ya yote mawili, kisha nikarudia kuhesabu. Lake lilikuwa na mikwaruzo miwili zaidi. Hilo lilinipa raha karibu mwaka mzima.

Halafu mama mkwe akaja kutoka Tanga kuwatembelea binti zake.

Mimi na mama tulianza vibaya. Wakati wa posa, washenga wangu walikuwa wameshakubaliana kila kitu, kimebaki mkaja, ile haki ya mama mzazi. Mtu mwenye akili hutoa mkaja akashukuru. Mimi niliwarudisha washenga waulize kama unapungua. Mwanyumba wangu alikuwa ametoa wake bila neno, akaongeza na doti mbili za khanga ambazo hakuna aliyemwomba. Khanga hizo mimi nimezisikia kuliko aliyezivaa. Yeye mama alimwita "mwanangu." Mimi aliniita "baba," kwa heshima ile ile ambayo mtu humpa karani wa posta.

Kwa hiyo majira yale ya baridi nilitaka kitu kimoja. Mpwa wa mama, aliyekuwa akiishi Ottawa, alikuwa amejifungua, na mama ndiye angesimamia arobaini ya mtoto. Nilitaka apande gari langu. Nilitaka ashuke mbele ya watu wake wote, aseme huyu ndiye aliyenileta. Basi.

Jumapili moja ya vuli, tukiwa Brampton kwa chakula, mwanyumba alimwita mama gereji, akafungua boneti kama mtu anayefungua pazia.

"Mama, njoo uone kitu nilichotengeneza kwa mikono yangu."

Ubavuni mwa injini, imefungwa kwa nyaya na mkanda wa suruali, ilisimama chupa ya chai. Naijua chupa ile. Ni ya chuma, ina mbonyeo ubavuni, alikuwa akienda nayo kazini kiwandani miaka mingi. Sasa kifuniko chake kilikuwa kimetobolewa matundu mawili na mipira miwili myeusi inaingia na kutoka.

"Hii injini ya dizeli, mama, inacheua."

"Inacheua?"

"Kama mtoto aliyeshiba. Na kila ikicheua inatoa mvuke wenye oili. Kuna bomba linalorudisha ule mvuke puani kwa injini, ivute tena. Sasa ile oili inakutana na masizi njiani, inashikana, inakuwa uji wa ulezi. Mwisho pua inaziba. Hii chupa inaudaka mvuke, oili inabaki chini, hewa inakwenda zake."

"Na chai?"

"Chai haimo, mama."

"Maskini chupa," mama akasema. Kisha akamgusa bega. "Una mikono, mwanangu."

Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya matunda. Nikaona ni wajibu wangu kusema kitu.

"Kesho atafunga na ungo."

"Ungo wa nini?" akauliza mwanyumba.

"Wa kupepeta huo uji."

Walicheka wote isipokuwa mama, na kicheko kisicho cha mama hakikuwa na kazi kwangu.

Wiki ile ile nilikwenda Agincourt, kwenye duka la mzee mmoja Muismaili aliyezaliwa Lindi, anayeuza vyombo vya jikoni na kupatana kwa Kiswahili safi kuliko changu. Nilishaona kwake makopo ya samli ya chuma kisichoshika kutu, yenye kifuniko cha kuzungusha, yanang'aa mpaka unajinyolea ndevu. Nikalichukua moja, nikaligeuza.

"Hili lina doa."

"Wapi?"

"Hapa."

"Hiyo alama ya kidole chako."

"Basi limeshashikwa. Si jipya tena."

Mzee akanitazama. "Unaweka samli kiasi gani?"

"Siweki samli. Nalifunga kwenye injini ya gari, lidake oili."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nimeuza makopo tangu nikiwa kijana. Hakuna mtu aliyewahi kunipa sababu mbaya kama hiyo. Chukua kwa bei yako, mradi utoke."

"Na nyongeza?"

"Nyongeza gani?"

"Stilwaya za kusugulia sufuria. Nne."

Mwanyumba alikuwa ametia mbili ndani ya chupa yake, ili oili ipate mahali pa kunasia. Mimi nisingeweza kuishi na mbili.

Matundu yalinitia taabu, kwa sababu drili niliyoijua mjini ilikuwa ya mwanyumba. Nikampigia simu.

"Ya nini?"

"Natundika picha ukutani."

"Picha gani?"

"Ya mama."

"Mama yako?"

"Mama yetu. Mama mkwe."

"Nakuja nayo mwenyewe," akasema. Nilijua kwa nini: yeye ukutani kwake alikuwa na ramani ya Afrika na saa. Drili aliileta mwenyewe jioni ile, na macho yake yalikuwa yakitafuta ukuta. Ikabidi niitundike picha kweli. Mke wangu alirudi kazini akamkuta mama yake sebuleni ndani ya fremu, akaniuliza nimefanya kosa gani.

Kopo nililitengeneza juu ya meza ya jikoni. Kwa kuwa sina jiliwa, nililibana kwa magoti, na mke wangu akashika kifuniko kwa glavu za oveni huku akigeuza uso. Mpira wa kuingiza niliupa bomba refu linaloshuka karibu na kitako, mpira wa kutoa nikauacha juu kabisa, ili mvuke ukiingia ulazimike kupanda katikati ya stilwaya zote nne. Chini nikatoboa tundu la koki ndogo ya shaba, ya kumwagia kitakachodakwa. Chupa ya mwanyumba haikuwa na koki. Yeye huifungua kifuniko kama mtu anayetaka kunywa. Nilipomaliza nikalizamisha kopo kwenye sinki la maji, nikapuliza kwa mdomo. Hakuna povu. Nikapuliza tena kwa upande wa pili, maana mara moja si hesabu.

Ikabaki mahali pa kulifunga. Palikuwa na nafasi nzuri ubavuni mwa injini, pale pale alipofunga yeye, pana joto na pamejificha chini ya kifuniko cha plastiki. Sikulinunua kopo lile lijifiche. Nikalifunga mbele kabisa, nyuma ya taa, mahali ambapo ukifungua boneti ndilo la kwanza kukusalimu. Mpira nikaununua mrefu zaidi ili ufike.

Mama alipokuja kwetu nilimteremsha mpaka uwanja wa kuegesha magari, nikafungua boneti, nikasimama pembeni. Alitazama muda. Upepo ulikuwa ukimpeperusha ushungi.

"Linang'aa," akasema.

Hilo tu. Niliishi na neno lile siku kadhaa, nikilitazama kila upande. Kitu kikisemwa kinang'aa ni sifa. Lakini hakusema *limetengenezwa*, na hakusema nani ana mikono.

Baridi ilipoanza kukaza ndipo kopo langu lilipoanza kunipendeza hasa. Jumamosi nafungua koki, nakinga kikombe cha kahawa, na kinachotoka ni kingi. Kizito, cha rangi ya manjano yenye weupe, kama mayonezi. Nikapiga simu Brampton.

"Umepata kiasi gani wiki hii?"

"Kijiko."

"Cha chai au cha mezani?"

"Cha mezani, bwana, unataka nini?"

"Mimi nusu kikombe."

Kwenye laini nikasikia kijiko kikiwekwa chini. Ni mlio mtamu kuliko yote niliyowahi kulipia.

"Cha rangi gani?" akauliza.

"Rangi ya ushindi."

"Basi injini yako imekwisha. Hiyo haicheui tena, inatapika."

"Au chupa yako haidaki. Chupa ya chai inajua chai."

Akakata. Jumamosi iliyofuata ni yeye aliyepiga, akasema amepata kijiko na nusu. Nikamwambia hongera. Yangu ilikuwa imefika ukingoni mwa kikombe, na nilikuwa nimeimimina kwenye kikombe cha pili ili nihakikishe.

Siku ya kupanga safari tulikutana Brampton tena. Magari mawili yangekwenda Ottawa, familia mbili, na mama mmoja. Mwanyumba alianza na viti: viti vyake vya mbele vyote viwili vinapata moto, mimi changu cha abiria kilishakufa. Akaja kwenye matairi. Akaja mpaka kwenye redio. Nilimwacha amalize, kama unavyomwacha muuzaji amalize sifa. Kisha nikatoa mfukoni kichupa cha jamu kilichojaa mavuno yangu ya wiki, nikakiweka mezani, kando ya sinia ya pilau.

"Mama," nikasema, "uchafu huu wote ungekuwa ndani ya injini yangu. Mimi nimeutoa. Mwenzangu katoa kijiko. Mwingine uko wapi? Umo humo humo, unamsubiri barabarani."

Mke wangu alinifinya chini ya meza mpaka leo napajua mahali.

"Ondoa hicho kitu kwenye chakula," mama akasema. Nikakiondoa. Akala matonge mawili, matatu. "Haya. Nitakwenda na huyu. Asije akaniletea kingine."

Mwanyumba alisukuma sahani yake. Mimi nikaongeza pilau.

Tuliondoka Toronto kabla hakujapambazuka vizuri, kwa baridi ile inayogandisha vinyweleo vya pua ukivuta pumzi. Mama alikaa nyuma na binti yake, mimi mbele peke yangu kama dereva wa balozi. Mwanyumba na familia yake walitufuata. Barabara kuu ilikuwa kavu, upepo unatupiga usoni, na mimi naendesha kama nimebeba mayai. Tulipopita Oshawa mama alisifu njia. Tulipokaribia Belleville alisinzia. Mtu hasinzii kwa asiyemwamini, nikajiambia, na nikamtazama mwanyumba kwenye kioo kuona kama ameliona hilo.

Kisha ikaja harufu ya oili inayoungua. Nikaisingizia lori lililokuwa mbele. Lori likachepuka njia yake, harufu ikabaki.

"Hiyo yetu," mke wangu akasema.

Moshi ulianza kupenya pembeni mwa boneti, na taa nyekundu ya oili ikapepesa. Niliingia kando ya barabara na kuzima hapo hapo. Nilipofungua boneti, kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimeruka kutoka kwenye mrija wake, na oili imerukia kila mahali, mpaka kwenye sifongo ya boneti. Kila kitu mle kilikuwa cheusi na kinafuka moshi. Kopo langu peke yake lilikuwa jeupe. Limevaa barafu toka kifuniko mpaka kitako.

Mwanyumba aliegesha nyuma yetu, akaja anatembea bila haraka, mikono mfukoni. Akaligonga kopo kwa kifundo cha kidole. Likalia kama jiwe.

"Limeganda."

"Oili haigandi hivyo."

"Oili haigandi hivyo, kweli. Hayo ni maji." Akainama, akaufuata mpira wangu mrefu kwa kidole kutoka injini mpaka kwenye taa. "Pumzi ya injini ina unyevu, kama yako. Yangu ipo kwenye joto, unyevu unapita na hewa. Wewe umeipeleka mpaka huku mbele, kwenye upepo. Inafika, inakuwa maji. Leo imekuwa barafu. Umeiziba mdomo, ikatokea kwingine."

Malori yalikuwa yakipita na kututikisa. Nikaona uso wake ukibadilika taratibu, kama mtu aliyeambiwa mwezi umeandama.

"Nusu kikombe," akasema.

"Bwana, tushughulike kwanza."

"Nusu kikombe cha maji! Na ukakiweka kwenye pilau!"

"Kando ya pilau."

"Ndugu yangu, hukuwa na injini. Ulikuwa na kisima."

Alicheka mpaka akashikilia taa yangu. Tuliuchomoa mpira kwenye kopo, tukauning'iniza chini ili injini ipate pa kupumulia. Kijiti kikarudishwa. Nikamimina galoni yangu ya oili ya akiba, kisha akamimina yake, nayo akaimimina polepole, nione. Injini ikawaka bila malalamiko. Tatizo lilikuwa hewa: ule mvuke sasa ulikuwa ukitoka chini ya boneti na kuingia ndani ya gari, na dawa yake ilikuwa moja tu, kwenda madirisha wazi.

Mama alikuwa amesimama kando ya gari, makoti mawili na khanga juu yake.

"Litafika?" akaniuliza.

"Litafika, mama."

"Na mimi?"

Mwanyumba alikuwa keshafungua mlango wa gari lake. "Mama, kiti kina moto."

Akaenda. Hakugeuka kunitazama, na nililishukuru hilo. Mke wangu alibaki nami. Alisema ni kwa sababu gari la dada yake limejaa.

Kutoka pale mpaka Ottawa niliendesha nyuma yao, madirisha yote yamefunguka, mke wangu kajifunika blanketi mpaka machoni. Mwanyumba alikuwa amempakia mama mbele. Mimi nilimweka nyuma kwa adabu, yeye kamweka mbele, na mbele ndiko kuna moto. Niliona ushungi wake ukigeuka kumwelekea dereva. Niliona mkono wake ukichora kitu hewani, kile kitendo chake anapofika mahali patamu pa hadithi. Mabega ya mwanyumba yakatikisika. Hadithi gani hiyo? Kwa miaka yote hajawahi kunisimulia hata ya sungura. Nilihesabu mara walizocheka, na sikurudia kuhesabu, kwa sababu mara ya kwanza ilitosha kuniumiza.

"Funga dirisha kidogo tu," mke wangu akasema.

"Tutakufa kwa moshi."

"Afadhali."

Tulifika kabla ya alasiri. Vigelegele vilianzia mlangoni, na wanawake wakatoka na ndara kwenye theluji. Mpwa wa mama akamkumbatia, akamtazama usoni, akauliza, "Shangazi, kwa baridi hii? Nani kakuleta?"

Mwanyumba alikuwa ameshika begi lake, kifua mbele. Mimi nilikuwa nanuka oili na midomo imekauka, lakini nami nilisogea.

"Wakwe zangu," mama akasema, akaingia ndani.

Tulibaki nje tukitazamana. Mwenzangu alikuwa amemfikisha mama kwa raha zote na alitarajia jina lake peke yake. Akapewa nusu, na nusu ya pili nikapewa mimi niliyemwacha kando ya barabara. Kwangu ilikuwa faida tupu. Niliuona uso wake ukipiga hesabu hiyo, na kwa mara ya kwanza siku ile nikapata joto.

Jumapili asubuhi, arobaini imekwisha, nililiondoa kopo, nikarudisha bomba la kiwandani, nikafuta injini kwa matambara mpaka nikaona rangi yake. Mwanyumba alitoka akanikuta.

"Mama anarudi na mimi," akasema.

"Alikuja na wewe. Kurudi ni zamu yangu."

"Zamu yako uliitumia mpaka Belleville."

"Sasa gari lipo kama lilivyozaliwa. Na nusu njia nakudai mimi, si wewe unayenidai."

"Linanuka."

"Nimelisafisha."

"Wewe ndiye unayenuka."

"Basi nitampakia mbele. Kama wewe."

"Kiti chako hakina moto!"

"Nitampa blanketi."

"Blanketi lina oili!"

Tulikuwa tumefika kwenye matairi mama alipotoka amevaa tayari, mpwa wake kabeba begi.

"Mnagombania nini?"

Tukaficha mikono nyuma kama watoto waliokutwa na sukari. Mpwa akasema kwamba shangazi amekwisha kukatiwa tiketi ya treni, inaondoka saa sita.

"Treni, mama?" mwanyumba akauliza. "Na sisi tupo?"

"Ina choo."

"Tutasimama, mama, kila utakapotaka."

"Nyinyi mnaendesha huku mnatazamana kwenye vioo," mama akasema. "Nilipokuwa kwa huyu, alikuwa anakuangalia wewe. Nilipohamia kwako, ukawa unamwangalia yeye. Mimi nataka dereva anayeangalia mbele."

Tulimpeleka stesheni, begi moja, kila mmoja kashika mkono mmoja wa begi, na begi lenyewe halikuwa zito. Treni ilikuwa ndefu na safi, kichwa chake kinanguruma dizeli. Mwanyumba alikitazama kichwa kile muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukichukia.

Mama aliketi dirishani, akalegeza ushungi, akaegemea kiti kwa namna ambayo kwangu hakuwahi kuegemea, hata alipolala. Treni ilipoanza kujivuta alipunga mkono, bila kusema anampungia nani. Mwanyumba akapunga. Nami nikapunga, juu zaidi.